Usingoje Upungue Ndipo Uingie Majini

Simu ya namna hii naizoea sasa: "Kocha, nataka sana kuja, lakini acha kwanza nipungue uzito kidogo." Anayepiga ni mtu mzima mwenye kazi na watoto, na daktari amekwisha kumwonya kuhusu presha au magoti. Hamu anayo. Anachokosa ni ujasiri wa kutembea kutoka chumba cha kubadilishia nguo hadi ukingoni mwa bwawa la kuogelea, hatua kumi na tano, watu wakimtazama. Nafundisha watu wazima kuogelea hapa Kampala, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba hizo hatua kumi na tano ndizo ngumu kuliko zoezi lolote. Basi tuanze nazo.

Hatua ya kwanza: nenda bila nguo za kuogelea

Siku ya kwanza usiogelee. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, kaa kwenye kiti, agiza chai, tazama. Jumapili alasiri mabwawa mengi ya hoteli hujaa vijana na muziki, na likizo za shule hujaa watoto. Asubuhi ya katikati ya wiki utakuta watu watatu au wanne, kila mmoja ameshughulika na pumzi zake.

Ukiwa pale, simama upande wa kina kirefu uangalie chini. Kama huoni vizuri tundu la kutolea maji sakafuni, bwawa hilo liache. Uliza kama kuna mwokoaji na kina kifupi kinaanzia wapi. Kama una presha, kisukari, pumu au kifafa, mwone daktari kabla ya kurudi.

Kuna wanaoniuliza kwa nini walipe wakati Ziwa Victoria lipo bure. Ziwa nalipenda, lakini halimfai anayejifunza. Kina hubadilika ghafla, mawimbi hayana taarifa, na kwenye maji yaliyotulia karibu na majani ya ufukweni wapo konokono wanaobeba kichocho, ambacho hupenya kwenye ngozi.

Hatua ya pili: vazi

Usiingie na fulana ya pamba. Ikilowa inakuwa nzito, inajaa hewa na kupanda hadi kidevuni, na badala ya kukusitiri inakuvua. Tafuta kitambaa cha kuogelea chenye kunyumbulika. Soko la Owino hapa Kampala, kwenye mitumba, ukivumilia kuchagua utapata suruali za kubana na blauzi za mikono mirefu za kuogelea. Wanafunzi wangu Waislamu huvaa vazi linalofunika mwili mzima pamoja na kichwa, na wanaogelea vizuri kabisa. Nunua na miwani ya kuogelea. Jicho lisilowashwa na klorini hupunguza nusu ya woga.

Hatua ya tatu: tembea, kisha pumua

Hapa ndipo naomba usiwe na haraka.

Ingia kwa ngazi, ukitazama ukuta, hadi maji yafike kifuani. Tembea upana wa bwawa, kwenda na kurudi, kwa dakika kumi. Mtu wa kilo 90 akisimama kwenye maji ya kifuani, miguu yake inabeba kama theluthi tu ya uzito huo. Mama mmoja wa Kibuli, ambaye magoti yalimfanya ashuke ngazi za nyumbani kwake kinyumenyume, alitembea mara nne kisha akasimama na kuniambia, "Mwalimu, haliumi." Akarudia, haliumi. Tangu siku hiyo sikuwahi kumpigia simu kumkumbusha kuja.

Baada ya kutembea, shika ukingo kwa mikono miwili. Vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso hadi masikioni, halafu toa hewa yote taratibu kwa pua na mdomo, mpaka usikie viputo vikigongagonga mashavu. Inua uso, vuta hewa, rudia mara kumi. Wanaoanza huchoka baada ya mita tano si kwa sababu ya unene. Wanabana pumzi, hewa chafu inajikusanya kifuani, mwili unaingiwa na hofu. Tena mwenye mafuta mwilini huelea kwa urahisi kuliko mwembamba; ukilala chali utaliona mwenyewe.

Mtu yeyote asikusukume. Mimi nilipokuwa shuleni mwalimu alinisukuma kwenye kina kirefu "ili nizoee", na ilinichukua miaka mingi kurudi majini. Kocha anayefanya hivyo mwache, hata kama umeshamlipa.

Hatua ya nne: ratiba ndogo

Lipia mara nane kwa pamoja, mara mbili kwa wiki. Pesa ikishatoka, asubuhi ya baridi haina mjadala. Wiki mbili za kwanza, dakika ishirini za kutembea na kupumua zinatosha. Wiki ya tatu shika kibao cha kuelea, piga miguu upana mmoja, pumzika nusu dakika, rudia. Ongeza upana mmoja au miwili kila wiki hadi ufikishe nusu saa pamoja na mapumziko. Ukisikia radi, toka majini mara moja. Miezi ya mvua hapa kwetu radi hazichezi.

Hatua ya tano: njaa ya bwawani

Maji ya baridi yanatia njaa kali, na nje ya geti yupo kijana anakaanga rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Nusu saa ya kuogelea polepole humtumia mtu wa kilo 70 kalori 200 hivi. Rolex ya chapati mbili na mayai mawili inapita hesabu hiyo kwa mbali. Nimeona watu wakiogelea miezi mitatu bila kupungua hata kidogo, sababu ikiwa hiyo tu. Beba ndizi mbivu moja ya bogoya, yai la kuchemsha na maji ya kunywa, ule kabla hujatoka getini. Nyumbani, punguza posho (ugali) kwenye sahani, mboga iongezeke.

Hatua ya sita: uzi badala ya mzani

Mzani wa kila asubuhi unakatisha tamaa, kwa sababu uzito hupanda na kushuka kwa chumvi na maji tu. Chukua uzi, uzungushe kiunoni usawa wa kitovu, funga fundo unapokutana. Uweke kwenye mfuko wa miwani. Kila baada ya wiki nne upime tena na kufunga fundo jipya. Yule mama wa Kibuli uzi wake una mafundo matano sasa, na ngazi za nyumbani anashuka akitazama mbele.