Kutayarisha Jeli ya Mwani kwa Ajili ya Kukuzia Seli: Mwongozo kwa Maabara za Unguja na Pemba

Mwani ulioanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 bado husafirishwa zaidi ukiwa mkavu, na wengi wanaoupanda huujua kama malighafi ya viwanda vya vyakula na dawa za meno. Watafiti wa tiba nao wana haja nao. Jeli ya mwani huwa na maji karibu sehemu 98 katika kila 100, na seli za binadamu zikifungiwa ndani yake kwa uangalifu huweza kuishi, kupokea lishe na kuanza kujenga tishu mpya. Mwongozo huu ni wa mafunzo ya maabara: kwanza tunatengeneza jeli ya karajinani ya kupimia tu, kisha ile ya aljineti ya kuwekea seli, na hakuna hatua hata moja hapa inayotoa kitu cha kupakwa kwenye kidonda.

Anza kwa kuchagua mwani wenyewe. Mwani mnene, ambao wanasayansi huuita Kappaphycus alvarezii, hutoa karajinani, yaani kile kinachogandisha jeli, ya aina ya kapa, ambayo huganda ikawa ngumu na nyepesi kuvunjika. Mwembamba hutoa aina ya ayota, ambayo jeli yake ni laini na yenye kunepa. Hapa tunautaka mnene, na kwa kuwa haustahamili maji ya kina kifupi yanapopata joto kali, Pemba ndiko kwa kuutafutia kwanza. Uulize kwa mkulima uliokaa baharini si chini ya wiki sita na ulioanikwa juu ya chanja, kwani ule ulioanikwa chini huja na mchanga uliojibana kwenye mapanda ya matawi, na mchanga huo hautoki hata ukiuosha kwa maji saba. Ondoa vipande vya taitai, yaani kamba ndogo za kufungia mwani, suuza chumvi kwa maji baridi, kisha kausha na upime gramu 50.

Hatua inayofuata ndiyo yenye hatari zaidi. Pima gramu 60 za haidroksidi ya potasiamu, ambayo ni alkali kali, na uzitie kidogo kidogo ndani ya lita moja ya maji, wala usimimine maji juu yake, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka. Vaa glavu na miwani ya kinga, na utumie chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini italika na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tia mwani, weka joto la nyuzi 80 kwa saa mbili. Alkali huondoa salfeti katika baadhi ya viungo vya mnyororo wa karajinani, na mnyororo uliokuwa umepinda hunyooka ukaweza kujisokota na mwenziwe. Ndipo jeli inapopata nguvu. Potasiamu, kwa upande wake, huzuia karajinani isiyeyuke ikapotea majini. Baada ya hapo osha mpaka karatasi ya litmasi ioneshe kuwa alkali imekwisha, na usilifupishe zoezi hili kwa uvivu.

Chemsha mwani huo katika lita mbili za maji yaliyotoneshwa kwa muda wa saa moja, hadi upate uji mzito unaovutika kama halua iliyokaribia kuiva, kisha uuchuje ungali moto kwa kitambaa cha marekani, kwani ukipoa utaganda ndani ya kitambaa. Mimina uliochujwa ndani ya alkoholi iliyo mara mbili ya ujazo wake, mbali kabisa na moto, na karajinani itajitenga kwa nyuzi nyeupe za kukamuliwa, kukaushwa na kusagwa. Gramu mbili za unga huo katika mililita 100 za maji ya nyuzi 80, zikidondoshwa kwa bomba la sindano ndani ya kloraidi ya potasiamu ya asilimia 3, zitakupa punje za jeli.

Punje hizo zinafaa kupimia ugumu na unyonyaji wa maji, lakini si mahali pema pa kuweka seli. Damu ya mtu ina potasiamu ya milimoli (kipimo cha wingi wa kemikali) 3.5 hadi 5 kwa lita, ilhali mchanganyiko wa asilimia 3 unakaribia milimoli 400, na seli haziwezi kuachwa humo. Isitoshe, karajinani ndiyo hudungwa kwenye nyayo za panya maabarani kwa makusudi ya kuzusha uvimbe ili dawa za kuutuliza zijaribiwe, jambo ambalo peke yake lapasa kumzuia mtu asiipeleke jeli ya kutengeneza mwenyewe kwenye jeraha.

Kwa seli, tumia aljineti, ambayo hutokana na mwani wa kahawia na huganda kwa kalsiamu bila ya kupashwa moto. Kuitoa mwenyewe kwenye sargasamu ya pwani ni kujichosha bure. Nunua unga uliosafishwa kwa ajili ya kazi za seli. Koroga gramu 1.5 katika mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, uchuje kwa kichujio cha mikromita 0.22 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), changanya na seli, kisha udondoshe ndani ya kloraidi ya kalsiamu ya milimoli 100 kwa lita. Baada ya dakika kumi suuza punje, uziweke kwenye maji ya lishe ya seli katika nyuzi 37 na hewa yenye kaboni dayoksaidi ya asilimia 5.

Sindano ya kawaida hutoa punje za milimita mbili hadi tatu, na hapo ndipo wengi hukwama: seli zikisongamana, oksijeni hupenya mikromita 100 hadi 200 tu, na za katikati hufa. Tafuta sindano nyembamba zaidi, au punguza idadi ya seli. Seli zinazohitaji kushikilia mahali ili zikue, kama zile za ngozi, hazina pa kushika kwenye aljineti tupu, na hulazimu kuunganishiwa vipande vifupi vya protini.

Ili kujua hali ya seli, yeyusha punje chache kwa sitreti ya sodiamu, ambayo huinyang'anya jeli kalsiamu yake, kisha tia rangi ya tripani ya buluu na utazame kwa hadubini: zilizokufa hunywa rangi, zilizo hai hubaki angavu.