Kubashiri msawazo wa amonia kwenye bwawa la sato

Kinyesi cha sato na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo majini hukaa kwa sura mbili zinazobadilishana muda wote, hali inayoitwa msawazo:

NH₄⁺ ⇌ NH₃ + H⁺

Amoniamu ya kushoto haina madhara makubwa. Amonia huru ya kulia ni sumu: ikifika takriban miligramu 0.08 kwa lita, sato huanza kupoteza hamu ya kula. Kwa mfugaji wa Ilemela au Magu, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, msawazo huu ndio unaoamua kama leo alishe au asilishe.

Andika mlinganyo, kisha jiulize: ni kitu gani kimeongezeka au kupungua, na kiko upande upi? Mmenyuko utaelekea upande unaopunguza badiliko hilo. Hiyo ndiyo kanuni ya Mfaransa Henry Le Chatelier, ya mwaka 1884.

Sasa chukua bwawa lenye maji ya kijani. Jua likiwaka, mwani hunyonya hewa ukaa, na hapo unaingia msawazo wa pili:

CO₂ + H₂O ⇌ HCO₃⁻ + H⁺

CO₂ ikipungua, mmenyuko hurudi kushoto kuifidia, na njiani hula H⁺. pH, yaani kipimo cha asidi kinachopanda H⁺ (ioni za hidrojeni) zikipungua, inapanda. Kwenye mlinganyo wa kwanza, upungufu huohuo wa H⁺ hufanya amoniamu ivunjike, na sumu inaongezeka. Kwa maji ya nyuzi 25, amonia huru ni asilimia 0.6 ya amonia yote pH ikiwa 7, asilimia 5 ikiwa 8, na asilimia 36 ikiwa 9. Basi pima pH mara mbili, alfajiri na saa tisa alasiri. Vifaa vingi vya kupimia husoma jumla tu: jumla ya miligramu 1 ni salama kwa pH 7, lakini kwa pH 9 ni miligramu 0.36 za sumu.

Amoniamu ikivunjika hufyonza joto, kwa hiyo maji yakipata joto msawazo huenda kulia. Kwa pH 8, nyuzi 20 hutoa asilimia 3.8, nyuzi 30 asilimia 7.5. Wanafunzi wengi huteleza hapa: joto hubadili K yenyewe (namba inayoonyesha msawazo umeegemea upande upi), ukolezi, yaani wingi wa kitu katika maji, haubadili. Kichocheo hakihamishi chochote, huharakisha tu.

Usimwage chokaa amonia ikiwa juu! Chokaa hula H⁺, na samaki wanaweza kufa. Acha kulisha, ingiza maji mapya ili jumla ishuke. Ukivuta ya ziwani, vuta asubuhi na upime pH yake kwanza, maana ukingo wenye mwani mwingi nao hupanda mchana.