Vinundu vya melanoma vikipanda mguuni: tiba za pale pale vilipo

Hapa kwetu Uganda melanoma, saratani ya ngozi, huanzia mara nyingi wayoni, na hata baada ya upasuaji inaweza kurudi. Huota vinundu vyeusi, au vya rangi ya ngozi, vikifuata mishipa ya limfu kuelekea kinena.

Kwanza daktari apapase tezi za kinena, apeleke kipande cha kinundu maabara, na mgonjwa apigwe picha ya CT ya kifua na tumbo. Ugonjwa ukishafika mapafuni au kwenye ini, kutibu ngozi peke yake hakutoshi.

Vikiwa vichache, vikatwe. Si lazima kukata eneo pana kama mara ya kwanza, ilimradi kingo zionekane safi maabara. Lakini vipya vikiota kila baada ya wiki chache, kisu kimeshindwa. Msikubali kukatwa tena na tena.

Vikiwa vingi, kuna tiba ya bleomisini, dawa ya saratani, pamoja na umeme. Dawa hupitishwa mshipani, na baada ya dakika 8 hivi sindano za umeme huchomwa kinundu kwa kinundu. Mapigo hufungua utando wa seli, dawa ikaingia. Kazi iishe ndani ya dakika 28 tangu dawa ipitishwe, kabla dawa haijapungua. Bleomisini wodi zetu zinaijua kwa sababu ya saratani ya Kaposi. Kinachohitajika zaidi ni mashine. Mwenye shida ya mapafu aseme mapema, maana dawa hii huyadhuru. Tiba nyingine ni T-VEC, kirusi kinachodungwa ndani ya kinundu, lakini hutaka friji ya nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi.

Vinavyouma au kuvuja damu na haviwezi kukatwa, ulizeni mionzi katika Taasisi ya Saratani, Mulago.

Nyumbani, kidonda kioshwe kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kikinuka, saga vidonge vya metronidazo, nyunyiza unga wake, kisha funika kwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) iliyopakwa vaselini. Gozi kavu hugandana na kinundu, ukiivuta damu inatoka. Ikiganda, ilowesheni kwanza. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Isipokoma, nendeni hospitali. Msichome vinundu kwa dawa kali za mitishamba: huacha kidonda juu huku uvimbe ukiendelea chini.

Maumivu yakinyima usingizi, ombeni mofini ya maji. Hutolewa bure, na wapo wauguzi waliofunzwa wanaoruhusiwa kuiandika.