Mpangaji akija na mbwa au paka
Una nyumba ya kupangisha Mombasa? Kabla ya kumjibu mpangaji mwenye mbwa au paka, tazama kama ngazi ni ya wote. Wapangaji wakipita mlango mmoja, mbwa ni mtihani: jirani Mwislamu wa madhehebu ya Shafi akilambwa kanzu, huiosha mara 7, moja kwa udongo, ndipo aswalie. Na maji yenyewe ya mfereji ni haya ya mgao! Lawama zitakuja kwako. Nyumba yenye ua wake ni habari nyingine. Hapo dai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ya kila mwaka. Paka hana neno, ila mkojo wake ukishaingia kwenye saruji, kwa unyevu wetu huu, harufu haitoki kwa kupiga deki. Nusa pembe za vyumba kabla ya kurudisha dipoziti. Kwenye mkataba andika idadi, paka huzaa.