Kuomba ruzuku ya habari na utamaduni: anzia benki, andiko baadaye

Andiko letu lilikubaliwa mwezi wa 3. Pesa zikaingia mwezi wa 9. Miezi hiyo sita ndiyo imenifanya niandike hapa.

Kutafuta mfadhili mnakujua. Angalia tu waliokwisha kupewa, usidanganywe na kaulimbiu. Press Forward, ule mpango wa 2023 wa zaidi ya dola milioni 500, ni wa habari za mitaa huko Marekani. Ukiwa kwingine, pita.

Barua ya awali iwe fupi. Sisi tuliandika "tutatumia akili unde kuhifadhi urithi", tukajiona wajanja. Afisa programu wa mfadhili akauliza maswali mawili: itafanya nini hasa, na sauti ni za nani? Tukaandika upya: mashine inageuza kanda za masimulizi kuwa maandishi, mtu anasikiliza na kusahihisha, msimulizi ametia saini ya ridhaa. Hapo akaelewa. Nakala hifadhi kwenye kompyuta yako, maana mfumo wao wa maombi mtandaoni hukutoa nje bila hata hodi.

Bajeti: usione aibu kuomba kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu. Kati ya taasisi za ufadhili za Marekani, Ford Foundation huruhusu 25% ya gharama za mradi kwa mambo hayo, MacArthur 29%. Sisi tuliandika 10, kwa heshima. Tukapewa 10, kwa heshima.

Sasa uhakiki wa shirika lako, palipotunyoa. Taasisi binafsi ya Marekani ikitaka kumpa ruzuku asiye na hadhi ya hisani kwao, sheria yao ya kodi inaipa njia mbili: ithibitishe kwamba unalingana na shirika la hisani la kwao, au ifuatilie matumizi ya ruzuku hiyo hadi mwisho. Uliza mapema utapitishwa wapi. Ya kwanza hudai katiba, hesabu za miaka iliyopita na kifungu kinachosema shirika likivunjwa mali haigawanywi kwa wanachama. Katiba yetu haikuwa nacho. Kuitisha mkutano mkuu, kupiga kura, kusajili marekebisho: wiki kumi na moja.

Tukashusha pumzi, benki ikarudisha pesa. Cheti cha usajili kina neno "na", akaunti ina "&". Karani alinitazama kama mtu aliyeghushi noti. Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi hata moja, weka cheti, katiba na taarifa ya benki mezani, soma jina herufi kwa herufi. Nukta pia.