Somo: Kupiga picha za majengo kwa lenzi pana, kwa mfano wa Zahanati ya Zamani, Unguja

Wengi hununua lenzi pana wakitumaini kuliingiza jengo zima katika picha pale pasipo na nafasi ya kurudi nyuma, nao huishia kupata majengo yanayoonekana kuanguka kinyumenyume. Lenzi haina kosa. Kamera ndiyo iliyoinuliwa. Nimechagua Zahanati ya Zamani iliyopo barabara ya Mizingani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama ya Tharia Topan, tajiri mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, kwa sababu roshani zake za mbao zilizonakshiwa zimejaa nguzo zilizosimama wima, na nguzo ndizo zinazomuumbua mpiga picha mzembe.

Hatua ya kwanza, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuisawazisha kamera. Sensa, yaani kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, iwe sambamba na ukuta, kama fundi mwashi anavyoufuata uzi wa timazi. Washa gridi na pimamaji iliyomo ndani ya kamera, kisha tazama nguzo za roshani za kushoto na za kulia: zikianza kukaribiana kwa juu, kamera imeinuka, hata kama macho yako yanakuambia iko sawa.

Hatua ya pili ni kutafuta umbali. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, kamera ikisimamishwa wima, gawanya 18, yaani nusu ya 36, kwa urefu wa fokasi ya lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi), kisha zidisha kwa umbali wako kutoka ukutani. Lenzi ya milimita 24 hutoa 0.75, yaani ukisimama mita 20 kutoka ukutani, picha itafika mita 15 juu ya usawa wa kamera. Lenzi ya milimita 16 itafika mita 22 na nusu. Kwa hiyo vuka barabara, rudi upande wa bahari, na ukubali kwamba nusu ya chini ya picha itajaa lami. Sehemu hiyo utaikata baadaye, na hasara yake ni ndogo kuliko ya jengo lililopinda.

Mipangilio haina mengi: tripodi, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, tundu la kupitishia mwanga la f/8 au f/11; namba ikikua, tundu huwa dogo. Usifunge hadi f/22, kwani ukali wa picha hupungua. Nenda alasiri, jua linapoelekea upande wa bahari na kuzichomoza nakshi kwa vivuli vyake.

Katika kuhariri, ondoa kwanza mvimbo wa lenzi, yaani kupinda kwa mistari iliyo karibu na kingo, ndipo unyooshe wima kidogo kama bado unahitajika. Kunyoosha sana hulivuta jengo na kula kingo za picha.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kamera yangu ina sensa ndogo ya APS-C na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Je, hesabu hiyo inanifaa?

Jibu: Marahaba. Inakufaa, ila gawanya 12 badala ya 18. Kwa milimita 18 utapata takriban 0.67, hivyo kutoka mita 20 utafika kama mita 13 juu ya kamera.

Swali: Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hakuna pa kurudi nyuma. Tufanyeje?

Jibu: Ukiwa mita 2 kutoka ukutani, hata lenzi ya milimita 16 itafika mita 2 na robo tu juu ya kamera, kwa hiyo acha kuupiga uso wa nyumba. Kipige kichochoro kwa urefu wake, kamera ikiwa imesawazishwa, na ukuta mmoja ukiwa karibu nawe zaidi. Waombe ruhusa walioketi barazani, na usiwaweke pembeni mwa fremu, kwa maana lenzi pana huvuta nyuso zilizo kwenye kona.

Swali: Kwa nini mlango wa kuchonga hutokea umevimba katikati?

Jibu: Lenzi pana nyingi huipinda mistari iliyo karibu na kingo, na wewe umeusogelea mlango mno. Rudi nyuma, tumia milimita 35 au 50, na uiweke kamera katika usawa wa katikati ya mlango, si usawa wa macho yako.