Kifaa cha kuonya kamera za mwendo: kazi kubwa ni orodha

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dodoma. Mteja akiniletea kifaa hiki, swali huwa lilelile: "Fundi, kitanishtua nikikaribia tochi?" Hapana, ndugu yangu. Tochi ya trafiki, ile ya kupimia mwendo, hakiioni kabisa.

Kinachofanya ni kupokea mawimbi ya setelaiti za GPS, zilizo juu kama kilomita 20,000. Kikizipata angalau nne kinajua kilipo, kinaelekea wapi na kwa mwendo gani, kisha kinatazama orodha ya pointi iliyohifadhiwa ndani: kamera, shule, kibao cha kilomita 50 kwa saa. Ukiisogelea pointi huku umezidisha mwendo, kinalia. Isiyoandikwa, kwake haipo.

Ndiyo maana nasisitiza ununue chenye kitufe cha kuhifadhi pointi zako mwenyewe. Vingi vinavyonifikia vimejazwa kamera za Ulaya. Kimoja tulikwenda nacho hadi Kibaigwa, kwenye barabara ya Morogoro, kikiwa kimya njia nzima.

Chukua mtu wa kubonyeza, wewe shika usukani. Anzeni Ihumwa, Buigiri, Mbande, Kibaigwa. Abonyeze pale kwenye kibao cha 50, nyumba zikiwa bado mbele, na mkirudi abonyeze tena, maana pointi inafuata upande mnaoelekea. Kibaigwa msiiruke hata kidogo. Soko la mahindi lile, malori yamepaki pembeni, na mtoto anaweza kuchomoka katikati yake wakati wewe bado uko 80. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Weka onyo mita 500 kabla, upate muda wa kuachia mafuta taratibu bila kukanyaga breki ghafla na lori liko nyuma yako.

Kukifunga si kazi: chini ya kioo cha mbele, mahali kinapoona anga. Tinti yenye chuma inakata mawimbi. Kimoja nilikaribia kumrudishia mwenyewe nikidhani kimekufa, kumbe nilikuwa nakijaribu chini ya mabati ya gereji. Tulisukuma gari hadi uwanjani, tukasubiri dakika chache, taa ikageuka kijani.

Spidi mita ikisoma 84 na kifaa 80, usiniletee. Spidi mita nyingi hutengenezwa zizidishe kidogo. Niletee kibao kikihamishwa, tufute pointi ya zamani.